Mfasiri wa Nyimbo Chafu

Mjini kuna wanaouza maji, kuna wanaouza viatu, na kuna waliojaribu vyote hivyo wakashindwa, wakaamua kuuza maneno. Katika kundi hili la mwisho, bingwa alikuwa bwana mmoja aliyeitwa Kiyoyozi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu aliowahi kuwauzia vichujio vya maji visivyochuja hata majani ya chai. Walikuwa wakimwendea wamefura kwa hasira, na baada ya kitambo wanatoka wamepoa, wanacheka, wamebeba kichujio cha pili.

Siku tunayomkuta, biashara ya vichujio ilikuwa imekufa na kuzikwa, na Kiyoyozi alikuwa amejilaza kwenye kochi la dada yake mkubwa. Dada huyo alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha mbele kilikuwa sebule, karakana na mahali pa kupimia wateja kwa pamoja. Asubuhi hiyo alikuwa amemwambia mdogo wake, pini zikiwa midomoni, kwamba undugu ni mzuri lakini kochi alilinunua kwa ajili ya wateja, na wateja sasa wanakalia ndoo. Mwezi ukiisha, ahame. Kiyoyozi alivuta shuka usoni akajifanya maiti.

Wakaingia akina mama wawili kupimwa magauni. Mwanamke akiinua mikono apimwe kifua, ulimi nao hulegea, na wale wawili walianza kulalamika kuhusu watoto wao. Mmoja alikuwa amechukua simu ya mwanawe akasikiliza kinachosikilizwa humo. Alikuta mwanamume anafoka mfululizo kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Katika wimbo mzima aliambulia maneno mawili, na moja lilikuwa "mama", na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Wa pili alisema binti yake anashinda na nyaya masikioni, anatikisa kichwa, na anaitikia "ndiyo" kwa kila kitu, hata alipoulizwa nani kavunja sahani.

"Si mwaulize wanaimba nini?" alisema dada fundi.

Wale mama walimtazama kana kwamba amewaambia wavue nguo barabarani.

"Nimuulize mtoto?" alisema yule wa kwanza. "Halafu akinieleza?"

Chini ya shuka, jicho moja la Kiyoyozi lilifunguka. Ndugu msomaji, wengine huhitaji mtaji, shahada na barua za utambulisho. Kiyoyozi alihitaji sentensi hiyo moja tu. Mzazi anataka kujua, lakini hataki kuambiwa na anayejua. Hapo katikati pana nafasi ya mtu kusimama, na aliyesimama hapo hawezi kulala njaa.

Aliamka, akajikunjia shuka kiunoni kwa heshima zote, akakohoa kidogo, akasema anaomba radhi kwa kuwasikia bila kukusudia, ila Mungu ana mipango yake, kwani yeye fani yake ndiyo hiyo: kuchunguza nyimbo za vijana na kuwashauri wazazi. Dada yake nusura ameze pini.

Juma lililofuata, Kiyoyozi alikuwa na ofisi. Ilikuwa stoo nyuma ya duka la rangi, na mwenye duka, mwanamume mpole mwenye kucha za rangi saba, alimpa bure kwa sharti moja: amchunguzie nyimbo za binti yake. Ndani paliwekwa meza, pazia, na hedifoni kubwa iliyokufa sikio moja. Mwenye duka akamwachia na mabaki ya makopo, Kiyoyozi akakata viduara vya maboksi akavipaka rangi. Kijani maana yake wimbo ni safi. Njano, mzazi awe karibu. Nyekundu, mzazi akae chini kwanza.

Kuhusu ujuzi wenyewe, tuseme ukweli. Kiyoyozi alipovaa hedifoni na kufumba macho, alikuwa hasikii kitu. Rapa akifoka maneno kumi, yeye anashika moja, na hilo moja mara nyingi lilikuwa "oya". Lakini alikunja uso kwa ustadi. Alikohoa kikohozi chake kidogo, akashika paji la uso, akatikisa kichwa taratibu kama daktari anayesoma picha ya mapafu, na mzazi aliyeketi mbele yake akaanza kutokwa jasho.

Mwanzoni, kwa kuwa hakutaka makuu, aligawa viduara vya kijani. Kumbe alikosea. Wazazi walitoka wamenuna. Mama mmoja alirudi kutoka mlangoni akamwuliza kama ana hakika amesikiliza vizuri, kwa sababu yeye mwanawe anamjua, na wimbo ule hauwezi kuwa safi hata kidogo. Kiyoyozi alivaa tena hedifoni, akasikiliza, akaomba msamaha, akampa nyekundu. Mama aliondoka na uso mkunjufu kama mtu aliyeshinda kesi.

Tangu hapo viduara vya kijani vilikauka. Lakini nyekundu nazo zilikuja na balaa lake: wazazi walitaka maelezo. Uchafu upo wapi? Ni uchafu wa namna gani? Kwa ajili ya kumlinda mtoto, lazima mzazi ajue. Kiyoyozi alifunga mlango, akateremsha pazia, akaeleza. Ujanani alikuwa utingo wa malori ya masafa marefu, na mambo aliyoyasikia humo, kwa miaka yote hiyo, hayakuwa na pa kwenda. Sasa yalipata pa kwenda. Alichukua wimbo wa kijana anayejisifia viatu vipya, akaeleza kwamba kiatu si kiatu, kamba si kamba, na kule kukifunga, mama yangu, ni afadhali usiulize. Mama aliuliza. Mimi ninayesimulia haya nina wakwe, na wakwe wanasoma, kwa hiyo msinidai zaidi.

"Rudia hapo," mzazi alikuwa akisema, kalamu mkononi, haandiki chochote. "Polepole."

Wakaja na wimbo wa pili. Wakaja na wa tatu. Zilipokwisha nyimbo za watoto wao, walileta za watoto wa jirani. Akina mama walikuja asubuhi, akina baba jioni, na kila upande ulimsihi asiwaambie wa upande wa pili. Sokoni walizungumza habari za maadili kwa sauti kubwa kuliko zamani. Mtoto peke yake ndiye hakuna aliyemwuliza kitu. Yeye alinyang'anywa simu, akanyimwa ruhusa ya kwenda kwa rafiki yake, akaambiwa anajua alichofanya.

Sifa zilifika hadi kwa mwalimu mkuu wa shule ya mtaa ule. Alikuwa mwanamke wa miwani, mkavu, wa maneno machache, na shinikizo la wazazi lilikuwa limemfika shingoni. Alimwita Kiyoyozi akamwambia kamati ya shule inataka mshauri wa kudumu, na kwa kuwa fungu la mshahara ni dogo, watamwongezea nyumba. Akamtoa nje akamwonyesha. Nyumba ilikuwa nyuma ya madarasa, vyumba viwili, bomba likiwa ndani, dirisha la jikoni linaangalia ua. Kiyoyozi alisukuma mlango akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Alikuwa mtu mzima wa kutosha kuwa na mvi kifuani, na hajawahi kuwa na mlango wa kufunga mwenyewe. Aliitaka nyumba ile kwa namna iliyomtia hofu.

"Ila kamati itapenda kuona kazi yako kwanza," alisema mwalimu mkuu.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Shule ilikuwa na mwalimu wa muziki wa kibarua, rapa wa kike anayeitwa Manyunyu, na watoto walikuwa wakijifunza wimbo wake ili wauimbe siku ya kufunga shule. Kiyoyozi alipewa wimbo auchunguze. Alikataa kukutana na mwenye wimbo, akasema hakimu hali chakula na mshtakiwa, na mwalimu mkuu akavutiwa na jibu hilo.

Alivaa hedifoni, akafumba macho kwa mazoea, na hapo likamtokea jambo lisilomtokea hata siku moja: alielewa. Manyunyu hakufoka. Alitamka kila neno likasikika. Ulikuwa wimbo wa ndugu watatu na mwavuli mmoja uliovunjika ubavu, wanakwenda shule mvua inanyesha, na kila asubuhi wanabishana nani akae katikati, mpaka siku mkubwa alipoacha shule ili wadogo wawili waenee. Kiyoyozi aliurudia. Alimkumbuka dada yake, aliyeacha shule akashika cherehani ili yeye asome, na yeye akaenda kuwa utingo. Pua ilimwasha. Mkono wake ulikwenda kwenye kijani, ukakaa pale.

Kisha akaikumbuka nyumba. Kamati gani itampa mtu nyumba kwa sababu ya kijani?

Mbele ya kamati, kwa sauti ya masikitiko, alieleza mwavuli ni nini hasa, kuufungua ni nini, na kwa nini walikuwa watatu. Mzee mmoja wa kamati aliomba maji. Manyunyu alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, bila kuitwa wala kuulizwa, wimbo ukafutwa, na binti wa mwenye duka la rangi, aliyekuwa aongoze kuimba, akaondolewa kwenye kundi la waimbaji na baba yake mwenyewe. Nyumba ikaahidiwa: ufunguo atakabidhiwa kwenye mkutano mkuu wa wazazi. Kiyoyozi akanunua godoro.

Siku chache baadaye aliingia ofisini mama mmoja aliyejitanda kitenge hadi kwenye nyusi. Alisema ni mama wa mapacha, na mapacha wake wanaimba huo wimbo wa mwavuli unaosemwa, na yeye hajaelewa ubaya uko wapi. Kiyoyozi alimweleza. Mama akasema sikio lake moja ni zito, arudie kwa sauti. Akarudia. Ndipo mama akatoa simu, akasema mumewe yuko safarini, ni mtu mbishi, hataamini maneno haya yakitoka kinywani mwa mkewe, kwa hiyo anaomba arekodi.

Kiyoyozi akasema hapana, huo ni mwiko wa ofisi.

"Sawa, Mshauri," mama alisema kwa unyonge, akaanza kukunja kitenge. "Mume wangu alisema hivyo hivyo. Alisema huyo mtu wenu hana ujuzi, hizo nyimbo hata yeye hazielewi."

Jamani, kuna watu ukiwaita wezi wanacheka, lakini ukiwaambia hawajui kazi wanaumia. Kiyoyozi aliivuta simu ile akaiweka karibu na mdomo wake mwenyewe. Akakohoa, akaanza. Alieleza mwavuli, akaeleza mpini, akaeleza mvua, matope na ndugu wote watatu. Aliongeza hata mambo ambayo kamati haikuyapata. Mama wa mapacha alikuwa akisema tu, kila anapovuta pumzi, "Rudia hapo, Mshauri. Polepole."

Baada ya hapo mji ukapata wimbo mpya. Ulilia kwa vinyozi, kwenye maduka ya simu, kwenye madirisha ya ghorofani. Mdundo ulikuwa mzito wa kutingisha vikombe, na juu yake sauti ya mwanamume, imeshushwa hadi ikawa nene kama inatoka kwenye pipa, ilikuwa inaeleza mambo ya mwavuli. Kiitikio kilikuwa cha mwanamke: rudia hapo, mshauri, polepole. Wazee waliosema hip-hop ni kelele walikutwa wanatikisa mguu. Wazazi walikuja ofisini mbio kuuleta wimbo huo, na kila mmoja aliyeusikia aliyatambua yale maneno, kwa kuwa aliwahi kuelezwa kitu kama hicho nyuma ya pazia. Lakini ungesemaje kwamba umeyatambua? Kila mmoja akamwangalia mwenzake akasema ni wimbo mbaya sana, amewahi kuusikia mara moja tu, kwa bahati mbaya.

Sauti hakuna aliyeitambua, isipokuwa mtu mmoja. Dada fundi alisimamisha cherehani, akasikiliza redio ya jirani mpaka mwisho.

"Kikohozi hicho nakijua," alisema. "Unakohoa hivyo kabla ya kila uongo, tangu una miaka sita."

Kiyoyozi alikwenda moja kwa moja hadi studio ilikotoka kazi ile. Ilikuwa chumba kimoja, magodoro yamepigiliwa ukutani kuzuia sauti. Mama wa mapacha alikuwa ameketi mbele ya maikrofoni bila kitenge wala mapacha. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, suruali ya jinzi, macho yasiyopepesa.

Kiyoyozi alianza na upole. Alisema yeye si mtu wa ugomvi, ila sauti ni yake na maneno ni yake, na wimbo unapigwa mji mzima, kwa hiyo mwenye haki apewe haki yake.

"Maneno ni yako?" aliuliza Manyunyu. "Mbele ya kamati si ulisema yamo kwenye wimbo wangu? Ulisema niliyaandika mimi, nikayaficha. Kwa ushahidi wako nikasimamishwa kazi. Sasa yamekuwa yako lini?"

Kiyoyozi alivuta kigoda akaketi.

"Lakini mimi si mchoyo," Manyunyu aliendelea. "Simama kwenye mkutano wa wazazi, useme mbele ya wote kwamba wimbo wa mwavuli ulikuwa safi, na uchafu wote ulitoka kichwani mwako. Ukisema hivyo, maneno yatakuwa yako kweli. Na chochote nilichopata kwa wimbo huu mpya, nusu ni yako."

Alikwenda nyumbani akiwaza. Upande mmoja nyumba ya vyumba viwili, bomba ndani. Upande wa pili nusu ya wimbo ambao, alipokuwa akitembea tu, ulimfikia kutoka milango isiyohesabika. Nusu ya hiyo inanunua nyumba ngapi? Tena, alijiambia, kukiri si lazima kuwe kukiri. Mtu mwenye ulimi anaweza kukiri akatoka anashangiliwa. Aliwahi kupoza watu waliotapeliwa vichujio, atashindwa hawa?

Ukumbi wa shule ulijaa siku ya mkutano. Mwalimu mkuu alikuwa na ufunguo mezani. Manyunyu alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Kiyoyozi alipanda jukwaani, akakohoa, akasema wazazi wapendwa, leo anawafunulia siri: kazi yote ile ilikuwa mtihani. Alikuwa akiwapima wazazi kama wanaweza kutofautisha wimbo safi na mchafu. Wimbo wa mwavuli ulikuwa safi, naye kwa makusudi akawaeleza vingine, ili wajifunze. Alinyoosha mikono akingoja makofi.

Mwalimu mkuu alivua miwani.

"Yale maneno uliyoieleza kamati," alisema, "yalikuwa ya nani?"

"Yangu, Mwalimu."

"Na ya nyimbo nyingine zote?"

Kiyoyozi alitupa jicho nyuma ya ukumbi. Manyunyu alikuwa anamtazama, anangoja.

"Yangu," alisema. "Yote."

Hakuna aliyepiga makofi. Katikati ya ukumbi aliinuka mwenye duka la rangi, akitazama kucha zake.

"Binti yangu aliniambia, baba, ni wimbo wa mwavuli tu," alisema. "Nikamwita jina ambalo baba hamwiti mwanawe. Nikampiga kofi, kwa kuniongopea. Mpaka leo ananipakulia chakula, hanisemeshi." Akaketi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Wazazi walitazama viatu vyao, maana kila mmoja alikuwa na mtoto nyumbani aliyesema jambo kama hilo na hakusadikiwa. Kiyoyozi aliona aibu. Ilikuwa aibu ya kweli, ilimpanda hadi masikioni, na lau angeiacha ikae labda ingemfanya mtu. Lakini alikumbuka nusu yake, akaimeza aibu.

Mwalimu mkuu alirudisha ufunguo kwenye mkoba. Kisha akaita kwa sauti hadi nyuma ya ukumbi, akamwomba radhi Manyunyu mbele ya wazazi wote, akamwambia kesho watoto watamsubiri darasani kama zamani, na wimbo wa mwavuli utaimbwa. Mwenye duka la rangi alikuwa ameshatoka, alikwenda nyumbani kwake mbio. Kiyoyozi alionyeshwa mlango na mwalimu mkuu, kwa mkono wenye miwani.

Nje alivutwa kando na mama mmoja, yule wa wimbo wenye neno "mama". Kiyoyozi alidhani atatukanwa. Mama aliangalia kushoto na kulia, akamwuliza kwa kunong'ona kama ofisi kesho itafunguliwa, kwa sababu ikiwa mambo yale ni ya kutunga tu, basi kumbe kusikiliza si dhambi.

Asubuhi Kiyoyozi alikuwa langoni mwa shule mapema, amenyoa, amevaa koti. Manyunyu alifika akitembea, begi begani. Barabarani kijana mmoja alipita na spika juu ya baiskeli, na spika ilikuwa inasema rudia hapo, mshauri.

"Nimetimiza langu," alisema Kiyoyozi. "Nyumba imekwenda. Sasa nipe nusu yangu."

"Nusu ya nini?"

"Ya mapato ya wimbo."

Manyunyu alimtazama kwa upole ambao Kiyoyozi aliujua vizuri, kwa sababu ndio aliokuwa akiwatazamia wateja wa vichujio.

"Wimbo sikuuuza, Bwana Mshauri. Niliugawa bure. Nilimpa kinyozi mmoja na muuza simu mmoja, wao wakawapa wenzao, wenzao wakawapa wengine. Nilichopata ni hicho kinachosikika mitaani. Na mimi ahadi sivunji, nusu ni yako. Wewe anza kuikusanya upande ule wa barabara, huu niachie mimi."

Kisha akaingia ndani, maana kengele ilikuwa imelia na watoto walikuwa wanamsubiri.